Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Takwimu za Watu Wanaosimamishwa na Polisi Jijini New York

Kwa miaka mingi Idara ya Polisi ya New York imekuwa ikitoa hadharani takwimu za watu inaowasimamisha barabarani, na takwimu hizo zimesomwa na madiwani, wanahabari, maprofesa na hatimaye jaji wa mahakama ya shirikisho. Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya msomaji anayetaka kuzielewa kuanzia kwenye fomu inayojazwa na askari, kwa sababu mabishano mengi juu ya tarakimu hizi huwa ni mabishano juu ya fomu.

Ni tukio gani hasa linalohesabiwa?

Kinachohesabiwa ni kitendo cha askari kumsimamisha mtu kwa kumshuku, kwa namna ambayo mtu huyo hayuko huru kuondoka, hata kama baada ya dakika chache anaachiwa aende zake. Msingi wake ni uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 1968 katika kesi ya Terry dhidi ya Ohio, uliosema kwamba askari anaweza kumsimamisha mtu kwa muda mfupi bila hati ya mahakama endapo ana mashaka yenye msingi kwamba mtu huyo ametenda, anatenda au anakaribia kutenda kosa. Kumpapasa mtu juu ya nguo, jambo ambalo mitaani kwetu huitwa kupigwa sachi, ni hatua ya pili yenye sharti lake: askari lazima awe na sababu ya kuamini kwamba mtu huyo amebeba silaha na ni hatari. Kwa hiyo kusimamishwa na kupapaswa ni mambo mawili yanayoandikwa mbalimbali kwenye fomu, ingawa katika mazungumzo ya kila siku watu huyataja kwa pumzi moja.

Jimbo la New York lina ngazi zake za ziada. Mwaka 1976, katika kesi ya De Bour, mahakama ya juu ya jimbo hilo iligawa makutano ya polisi na raia katika ngazi nne. Ngazi ya kwanza ni askari kuomba taarifa, kwa mfano kumuuliza mtu anakwenda wapi. Ya pili ni kuhoji kwa maswali yanayoonyesha kwamba mtu huyo anashukiwa. Ya tatu ni kumsimamisha, na ya nne ni kumkamata. Msomaji aiweke orodha hii akilini, kwa sababu kwa miaka mingi ni ngazi ya tatu tu iliyokuwa ikiingia kwenye takwimu hizi, na makutano yote ya ngazi mbili za chini yalipita bila kuhesabiwa.

Nani anaijaza fomu, na ndani yake mna nini?

Anaijaza askari yule yule aliyemsimamisha mtu. Fomu ya zamani, iliyojulikana kwa namba yake ya UF-250, ilikuwa na nafasi ya saa, mahali, umri, jinsia, rangi, kosa lililoshukiwa, na iwapo mtu alipapaswa, alipekuliwa, alitumiwa nguvu, aliandikiwa hati ya kuitwa mahakamani au alikamatwa. Sababu za kumsimamisha zilikuwa zimepangwa katika visanduku vya kuwekewa alama. Kimoja kilisema mtu alikuwa na nyendo za kujifichaficha, kingine kwamba nguo yake ilikuwa na uvimbe wa kutia shaka, kingine kwamba anafanana na maelezo ya mshukiwa, na kingine kwamba mahali penyewe ni eneo lenye uhalifu mwingi.

Visanduku hurahisisha kuhesabu, lakini huficha simulizi. Askari akiweka alama kwenye "nyendo za kujifichaficha", hakuna anayejua kama mtu yule alitupa kitu kichakani au aligeuza shingo tu. Mahakama ya shirikisho ilikuja kubaini kwamba kisanduku hicho kiliwekewa alama katika asilimia 42 ya fomu, na kile cha eneo lenye uhalifu mwingi katika asilimia 55. Cha kushangaza zaidi ni kwamba pale viwili hivyo vilipotumika, uwezekano wa mtu kukamatwa ulikuwa mdogo kuliko pale ambapo havikutumika. Sababu zilizokuwa rahisi kuandika ndizo zilizokuwa dhaifu.

Taarifa hizi zilitokaje kwenye makabati ya polisi hadi kwa umma?

Hazikutolewa kwa hiari. Usiku wa tarehe 4 Februari 1999, askari wanne wasiovaa sare wa kikosi cha kupambana na uhalifu wa mitaani walimfyatulia risasi 41 Amadou Diallo, kijana wa miaka 23 kutoka Guinea, mlangoni mwa jengo alilokuwa akiishi katika eneo la Bronx. Hakuwa na silaha. Baada ya mauaji hayo, Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Eliot Spitzer, alizichambua fomu zipatazo 175,000 za mwaka 1998 na miezi ya mwanzo ya 1999, na mwezi Desemba 1999 akachapisha ripoti iliyoonyesha kwamba Weusi na Walatino (wenye asili ya Amerika ya Kilatini) walisimamishwa mara nyingi zaidi kuliko Wazungu hata baada ya viwango vya uhalifu kuzingatiwa. Mwaka 2001 Baraza la Jiji lilipitisha sheria iliyoitaka idara ya polisi ilipelekee takwimu za usimamishaji kila robo ya mwaka.

Sheria ikapita, lakini takwimu hazikuja kwa utaratibu uliotakiwa. Ilibidi mtu mwingine, Sean Bell, auawe kwa risasi za polisi mwezi Novemba 2006 ndipo shinikizo likarudi, na mapema mwaka 2007 jiji likasikia kwamba katika mwaka mmoja tu wa 2006 watu walikuwa wamesimamishwa zaidi ya mara laki tano. Hata hapo, kilichotolewa kilikuwa majumlisho. Shirika la kutetea haki za raia la New York lilikwenda mahakamani kudai faili lenyewe la kompyuta, lenye mstari mmoja kwa kila tukio, na mwaka 2008 mahakama ikaamuru litolewe. Tofauti baina ya vitu hivyo viwili ni kubwa kuliko inavyoonekana. Jumla hukupa jibu ambalo mwenye takwimu ameamua kukupa, ilhali faili la matukio hukuwezesha kuuliza swali ambalo yeye hakulifikiria au hakulitaka.

Takwimu zenyewe zilionyesha nini?

Mwaka 2002 ulipoisha, matukio yaliyoandikwa yalikuwa chini ya laki moja. Mwaka 2011, chini ya Meya Michael Bloomberg na Kamishna wa Polisi Raymond Kelly, yalifikia 685,724. Kesi ya Floyd dhidi ya Jiji la New York, ambamo watu waliosimamishwa na polisi walilishtaki jiji, iliyofunguliwa mwaka 2008 na kusikilizwa kwa wiki tisa mwaka 2013, ilichunguza matukio milioni 4.4 ya kuanzia Januari 2004 hadi Juni 2012, na Jaji Shira Scheindlin aliyakusanya matokeo katika uamuzi wake wa tarehe 12 Agosti 2013.

Katika matukio hayo, asilimia 52 ya waliosimamishwa walikuwa Weusi, asilimia 31 Walatino na asilimia 10 Wazungu, wakati ambapo kwa sensa ya 2010 Weusi walikuwa asilimia 23 ya wakazi wa jiji, Walatino asilimia 29 na Wazungu asilimia 33. Zaidi ya nusu ya waliosimamishwa walipapaswa, na silaha ilipatikana kwa asilimia 1.5 tu ya waliopapaswa. Kwa lugha nyepesi, askari alipapasa watu 200 akapata silaha kwa watatu, na 197 waliosalia walipitishiwa mikono mwilini hadharani bila kuwa na silaha yoyote. Asilimia 88 ya matukio yote yaliisha bila mtu kukamatwa wala kuandikiwa hati ya kuitwa mahakamani.

Je, 685,724 ni idadi ya watu?

Hapana. Ni idadi ya matukio, na hili ndilo kosa linalorudiwa zaidi na waandishi wa habari. Mtu mmoja anaweza kusimamishwa mara sita kwa mwaka na akahesabiwa sita. Ushahidi ulio wazi kabisa umo katika takwimu za mwaka huo huo wa 2011: vijana wa kiume Weusi wenye umri wa miaka 14 hadi 24 walisimamishwa mara 168,126, ilhali vijana wa kundi hilo waliokuwa wakiishi jijini walikuwa 158,406. Hata kama kila mmoja wao angekuwa amesimamishwa, ni lazima wapo waliosimamishwa tena na tena, na faili la umma, kwa kuwa halina majina, haliwezi kumweleza msomaji ni wangapi. Aliyekutwa na jambo hilo mara ya tano katika njia ile ile ya kutoka shuleni anaonekana kwenye takwimu kama watu watano wageni.

Je, tofauti ya asilimia za rangi inatosha kuthibitisha ubaguzi?

Peke yake haitoshi, na anayedai kwamba inatosha anawapa wapinzani wake kazi nyepesi. Swali la kwanza ambalo idara ya polisi iliuliza, kwa haki kabisa, ni hili: tulinganishe na nini? Upande wa jiji katika kesi ya Floyd ulitaka asilimia za waliosimamishwa zilinganishwe na asilimia za washukiwa wa uhalifu kama wanavyoelezwa na waathirika, si na wakazi wote. Jaji aliikataa hoja hiyo kwa sababu iliyo rahisi kuifuata. Ikiwa karibu watu tisa kati ya kumi wanaosimamishwa hawakutwi na kosa lolote, basi kundi la waliosimamishwa ni kundi la raia wa kawaida, na hakuna mantiki ya kutarajia kwamba raia wa kawaida watafanana na wahalifu kwa sababu tu wana rangi moja. Mtaalamu wa upande wa walalamikaji, Profesa Jeffrey Fagan, alizingatia uhalifu na muundo wa wakazi wa kila eneo la kituo cha polisi, na bado akakuta kwamba wingi wa wakazi Weusi na Walatino ulitabiri wingi wa usimamishaji.

Kipimo cha pili hakihitaji kuwajua wakazi hata kidogo. Kinaangalia matokeo: kati ya waliosimamishwa katika kila kundi, ni wangapi walikutwa na kitu? Kama askari wanadai kiwango kile kile cha mashaka kwa kila mtu, inatarajiwa mafanikio yakaribiane. Katika miaka iliyochunguzwa, silaha zilipatikana katika asilimia 1.0 ya matukio ya Weusi, 1.1 ya Walatino na 1.4 ya Wazungu, na vitu vingine vilivyopigwa marufuku katika asilimia 1.8, 1.7 na 2.3 kwa mpangilio huo huo. Maana yake ni kwamba Mzungu aliposimamishwa kwa kawaida palikuwa na sababu nzito zaidi kidogo, na Mweusi alisimamishwa kwa sababu nyepesi. Wataalamu wa takwimu huonya kwamba wastani wa kundi unaweza kuficha mengi, na onyo hilo ni la kweli. Hata hivyo, pale kipimo cha wakazi, kipimo cha uhalifu na kipimo cha matokeo vinapoelekeza upande mmoja, anayekataa ndiye mwenye mzigo wa kueleza.

Askari wanajiandikia wenyewe. Kwa nini tuziamini tarakimu zao?

Swali hili lina majibu mawili yanayokwenda pande tofauti. Jibu la kwanza ni kwamba nguvu ya ushahidi katika kesi ya Floyd ilitokana na ukweli huo huo. Fomu zilikuwa maelezo ya upande mmoja, zikiwa zimejazwa na mtu mwenye kila sababu ya kujitetea, na bado, kwa kusoma visanduku vyake tu, ilionekana kwamba matukio yasiyopungua 200,000 hayakuwa na mashaka yenye msingi. Mahakama haikulazimika kuamua nani anasema kweli kati ya raia na polisi.

Jibu la pili ni la kusikitisha. Fomu inaweza kujazwa vibaya, na inaweza kutojazwa kabisa. Mwaka 2004, fomu ambazo askari hakutaja kosa mahususi alilolishuku zilikuwa asilimia 1. Mwaka 2009 zilikuwa asilimia 36. Na baada ya hukumu, msimamizi aliyeteuliwa na mahakama ameripoti zaidi ya mara moja kwamba baadhi ya matukio ya kusimamisha watu hayaandikwi popote, jambo lililogunduliwa kwa kulinganisha fomu na picha za kamera zinazovaliwa na askari pamoja na kumbukumbu nyingine za polisi. Mtu asiyeijua kasoro hii ataona mstari ukishuka kwenye grafu na kushangilia, ilhali sehemu ya mteremko huo ni kalamu iliyowekwa chini. Ndiyo maana takwimu za usimamishaji zisizokaguliwa na mtu wa nje ni nusu ya uwazi tu.

Idadi iliposhuka, uhalifu uliongezeka?

Ndivyo ilivyotabiriwa, na haikuwa hivyo. Matukio yalishuka kutoka 685,724 mwaka 2011 hadi 191,851 mwaka 2013 na 45,787 mwaka 2014. Katika kipindi hicho mauaji jijini yalipungua kutoka 515 mwaka 2011 hadi 335 mwaka 2013, na mwaka 2017 yalikuwa chini ya 300. Mauaji yalipanda mwaka 2020, kama yalivyopanda katika miji mingi ya Marekani wakati wa janga la korona, lakini usimamishaji ulikuwa umebaki chini kwa miaka mingi kabla ya hapo. Takwimu hizi hazithibitishi kwamba kusimamisha watu hakuzuii uhalifu wowote. Zinachothibitisha ni kwamba kiwango kile cha mwaka 2011 hakikuwa kinga ambayo jiji lisingeweza kuishi bila hiyo.

Ijulikane pia kwamba jaji hakupiga marufuku kumsimamisha mtu. Alisema namna ilivyokuwa ikifanywa ilikiuka marekebisho ya nne na ya kumi na nne ya Katiba ya Marekani, akaagiza mageuzi chini ya msimamizi na majaribio ya kamera za mwilini. Jiji lilikata rufaa, kisha Meya Bill de Blasio akaiacha rufaa hiyo mwaka 2014.

Ni nini kilichobadilishwa na sheria ya mwaka 2024?

Tarehe 20 Desemba 2023 Baraza la Jiji lilipitisha sheria inayowataka askari waripoti pia makutano ya ngazi ya kwanza na ya pili yanayohusu uchunguzi, pamoja na rangi, jinsia na umri wa mtu, na sababu ya makutano hayo. Mazungumzo ya kawaida, kama vile kumwelekeza mgeni njia, hayamo. Meya Eric Adams aliipinga kwa kura ya turufu mwezi Januari 2024, akidai kwamba askari watazama kwenye makaratasi badala ya kushika doria. Waliounga mkono walijibu kwamba taarifa hiyo hujazwa kwa simu ya kazini kwa muda mfupi. Tarehe 30 Januari 2024 baraza liliitengua turufu hiyo kwa kura 42 dhidi ya 9.

Kuna jambo moja ambalo ni vigumu kulipita kimya. Adams, aliyewahi kuwa kapteni wa polisi, ndiye yule aliyetoa ushahidi katika kesi ya Floyd akiwa seneta wa jimbo, akieleza kwamba alimsikia Kamishna Kelly akisema kuwa vijana Weusi na Walatino walilengwa ili waogope kutoka nyumbani na silaha. Kelly alikanusha kusema maneno hayo. Miaka kumi na moja baadaye, shahidi huyo akiwa kwenye kiti cha umeya, ndiye aliyejaribu kuzuia kuhesabiwa kwa ngazi za chini.

Hoja ya makaratasi si ya kupuuzwa. Lakini mpaka kati ya ngazi ya pili na ya tatu ni mwembamba, na askari ndiye anayeamua upande gani tukio limeangukia. Ngazi ya tatu ikihesabiwa na ya pili isihesabiwe, kuna kishawishi cha kulishusha tukio ngazi moja ili lipotee.

Majina ya waliosimamishwa yanatunzwa?

Zamani idara ilikuwa ikiyatunza kwenye kompyuta hata ya watu wasiokutwa na kosa. Mwaka 2010 Gavana David Paterson alisaini sheria ya jimbo inayokataza kuhifadhi kwa njia hiyo taarifa za utambulisho za mtu aliyesimamishwa na kuachiwa bila shtaka. Faili linalotolewa kwa umma halina majina.

Mtu anayesimamishwa anaweza kudai nini papo hapo?

Tangu Oktoba 2018, sheria za jiji zinamtaka askari, katika makutano mengi ya aina hii, ajitambulishe, aeleze sababu, na atoe kadi yenye jina lake na namba yake pale ambapo hakuna aliyekamatwa. Akitaka kupekua kwa ridhaa tu, anapaswa kumweleza mtu kwamba anaweza kukataa, na kuhakikisha kwamba ameelewa kwa lugha anayoifahamu.

California nako wanafanya hivyo?

Wanafanya, na kwa mpango mpana zaidi. Sheria iliyoandikwa na mbunge Shirley Weber na kusainiwa na Gavana Jerry Brown mwaka 2015 inavihusu vyombo vya polisi vya jimbo zima, na inahesabu magari pamoja na waendao kwa miguu. Vyombo vinane vikubwa vilianza Julai 2018, na kwa miezi sita ya kwanza viliripoti matukio yapatayo milioni 1.8. Sheria hiyo imelimaliza swali moja ambalo fomu ya New York ililiacha wazi: askari haruhusiwi kumuuliza mtu rangi yake, bali anaandika anavyomwona. Uamuzi huo ni wa busara, maana ubaguzi hufuata kile askari anachodhani anakiona.

Nikilifungua faili la mwaka, nianze wapi?

Usianze na rangi. Anza na jumla ya mwaka na uilinganishe na miaka miwili iliyotangulia. Jumla ikiwa imeruka au kushuka ghafla, tafuta kwanza kama fomu ilibadilishwa, maana fomu mpya iliyoanza kutumika mwaka 2016 ilipunguza visanduku na kumtaka askari aeleze kwa maneno yake. Kisha hesabu safu zilizoachwa wazi, hasa ile ya kosa lililoshukiwa. Baada ya hapo chukua waliopapaswa na ugawe kwa waliosimamishwa, kisha waliokutwa na silaha ugawe kwa waliopapaswa, ukifanya hivyo kwa kila kituo cha polisi peke yake, kwa kuwa jumla ya jiji huchanganya mitaa isiyofanana. Ukishavipata vituo ambavyo watu wengi hupapaswa na silaha chache hupatikana, hapo ndipo uitazame safu ya rangi.